Kabla ya Kukata au Kupanda Mkoko Lamu

Malalamiko ya mikoko yanayotufikia sisi tunaosimamia misitu ni ya aina mbili: wakataji wanasema tunawabana, na vikundi vya upanzi vinauliza mbona miche yao inakufa. Yote yanatokana na kutoshauriana.

Watu huokota mbegu ndefu za mkoko, wakazichomeka kwenye tope lolote lililo wazi, wakapiga picha na kuondoka. Mkataji mzoefu wa Siyu au Mkunumbi angewaambia kuwa mikoko ina aina zake: ukingo wa bahari ni wa mlilana, mkoko wenyewe hukaa nyuma yake, na kule juu, ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, yaani maji makubwa, ni kwa mchu. Vipimo vyetu vya chumvi na kina cha maji vinasema hivyo hivyo. Kwa nini basi hakuulizwa?

Tena, tumechoka kusikia kwamba mkoko ukikatwa utachipua. Unaochipua kisikini ni mchu. Mkoko uliokatwa shina umekufa. Tegemeo ni mbegu za mti mama uliobakizwa karibu. Na hapo pana shida. Soko likitaka boriti tu, yaani miti minene ya kujengea, iliyonyooka humalizwa, ikabaki iliyopinda, nayo ndiyo inayozaa. Jicho la mkataji linaitambua boriti bila rula. Kuhesabu miti kwenye viwanja vya sampuli kunaonyesha kama nyuma yake kuna pau na mazio, yaani miti myembamba zaidi, ya kutosha kuirithi. Lakini mkondo wa bahari ambao mikoko yake ilikatwa enzi za babu na haijarudi hadi leo, anaujua mkataji. Kwenye daftari zetu haumo.

Sasa utaratibu. Mikoko ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932, hata ile iliyo mbele ya shamba lako. Chini ya Sheria ya Misitu ya 2016, jumuiya ya msitu husajiliwa kwanza kama chama, kisha huomba kwa Huduma ya Misitu Kenya (KFS) kushiriki usimamizi. Kukata kunahitaji kibali. Kusafirisha kunahitaji kibali kingine. Kile cha kukata hakitoshi mzigo ukishapakiwa jahazini. Ukikata bila kibali, kifungu cha 64 kinataja faini isiyopungua shilingi 100,000, au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili.

Rasimu ya mpango wa usimamizi ikiletwa kijijini, waleteni wakataji wenyewe, si mwenyekiti peke yake. Waonyeshe kwenye ramani mikondo ya kupumzishwa. Mpango ukishatiwa saini, kuubadilisha huchukua muda mrefu.