Kinyesi cha palahala kina mengi ya kutueleza

Palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, haonekani kirahisi katika Hifadhi ya Saadani. Wageni wengi wanaopitia Bagamoyo kwenda hifadhini hurudi wamewaona twiga na kuro, palahala hawakumwona hata pembe. Sisi wa maabara tunaweza kumchunguza bila kumwona, mradi tupate kinyesi chake.

Punje ya kinyesi ikipita kwenye utumbo huondoka na chembe hai za ukuta wake, na ndani ya chembe hizo mna vinasaba vya mnyama mwenyewe. Ndiyo maana tunahitaji ule utando wa juu unaong'aa, si majani yaliyosagika ndani. Kinyesi kiwe kibichi, cha asubuhi hiyohiyo ikiwezekana. Kikishapigwa na jua au mvua ya masika, vinasaba hukatikakatika na majibu huwa haba. Tunavaa glavu, tunatia punje chache kwenye kichupa chenye spiriti, tunaandika mahali na tarehe, basi. Hakuna mnyama aliyekimbizwa wala kupigwa sindano ya usingizi.

Kutoka kwenye kichupa hicho tunajua kama kweli ni palahala, dume au jike, na ana undugu gani na wenzake.

Angola wanaijua thamani ya kazi hii. Palahala mkubwa, ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote, alihofiwa kutoweka kwenye vita vya 1975 hadi 2002. Vinasaba vya kwenye kinyesi vilionyesha bado yupo, na mwaka 2005 kamera za mitegoni zikampiga picha katika Hifadhi ya Cangandala. Furaha ikachanganyika na uchungu: majike wa pale walikosa dume wa aina yao, wakapandwa na madume ya korongo (swala mwingine mkubwa, si ndege), wakazaa machotara. Mwaka 2009 majike waliobaki waliwekwa ndani ya uzio na kuletewa dume kutoka Hifadhi ya Luando, hukohuko Angola.

Palahala kwa ujumla wake hayumo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na hapo ndipo watu hujisahau. Kundi moja moja linaweza kufa huku takwimu za bara zima zikipendeza. Kenya imebakiwa na kundi la Shimba Hills peke yake, si mbali na mpaka wa Tanga. Kundi lililofungiwa hivyo huishia kuzaana ndugu kwa ndugu.

Wapo wanaosema, tuhamishe wengine tuwaongezee. Nakataa, mpaka vinasaba vipimwe kwanza. Palahala wa magharibi mwa Tanzania wana nasaba iliyotengana na ya hawa wa mashariki kwa muda mrefu sana. Kuwachanganya ovyo ni kuharibu kisichotengenezeka.

Njia nafuu ni kuacha madume yatembee. Dume kijana hufukuzwa kundini, akaenda kutafuta majike kwingine, na ndiye anayepeleka damu mpya. Kati ya Saadani na hifadhi jirani ya Wami-Mbiki safari hiyo inakutana na mashamba na barabara kuu ya Chalinze–Segera. Vinasaba vya pande mbili vikilinganishwa, tutajua kama madume bado yanavuka na wapi ushoroba, yaani njia ya wanyama kati ya hifadhi, ulindwe kwanza.

Ndugu wa vijiji vya Matipwili, Mkange na Mkwaja, ukikuta kinyesi kibichi unachodhani ni cha palahala, usikiguse kwa mkono. Weka alama mahali pale, kifunike na jani kisipigwe jua, umwarifu askari wa hifadhi siku hiyohiyo.