Mgagani si bangi, wala mbegu zake si mbovu

Mtu asiyeuzoea mgagani, mboga yetu ya majani, akiukuta umejiotea kando ya zizi, anaweza kudhani ameona bangi. Jani limegawanyika vipande vitano hivi, vyote vikianzia kwenye kikonyo kimoja kama vidole vya kiganja. Lakini tazama kingo. Bangi ina meno ya msumeno yanayoonekana wazi. Mgagani kingo zake ni laini, au zina vimeno vidogo mno. Shina lake lina vinyweleo na hunata kidogo mkononi.

Anayenichanganya zaidi ni ndugu yake mwenye maua ya njano, maana naye ananata. Mgagani tunaokula una maua meupe au yenye wekundu hafifu. Ukichungulia ndani ya ua utaona petali zimebaki chini, na stameni, yaani nyuzi zenye chavua, zimeinuliwa juu ya kijiti chembamba, zimetawanyika kama miguu ya buibui. Ukiona hivyo, umeupata. Waluo huuita akeyo au dek, Wakisii chinsaga.

Wengi husema ni mboga ya porini, hailimwi. Inalimwa, na inauzwa sokoni kwa mafungu. Kinachowavunja watu moyo ni mbegu: wanavuna leo, wanasia wiki ijayo, hakioti kitu, kisha wanasema mbegu ni mbovu. Mbegu hizo zimelala tu. Zikishakauka, zihifadhi mahali pakavu kwa miezi mitatu hadi sita ndipo usie. Tena haziupendi mwanga wakati wa kuota, kwa hiyo kuzimwaga juu ya tuta na kuziacha wazi ni kuzipoteza. Zichanganye na mchanga mkavu, maana ni ndogo sana, uzimwage kwenye mifereji na kuzifukia kwa udongo wa kama sentimita moja tu. Udongo uwe na joto. Kwenye baridi huota kwa kusuasua.

Usianzishe kitaluni kama sukuma wiki. Mzizi wake mkuu hushuka moja kwa moja chini, na mche ukihamishwa hudumaa. Sia pale pale utakapokulia, kisha punguza miche iliyosongamana. Uliyong'oa ni mboga tayari. Samadi iliyooza vizuri huupa majani mapana. Kivuli na maji yaliyotuama hauvitaki.

Kuna pia wanaodhani kwamba kwa kuwa ni mmea wa porini, hauhitaji maji. Ni kweli unavumilia jua kali, lakini ukikosa maji hukimbilia kutoa maua na majani hubaki madogo, machungu. Umwagilie, ukate kilele ukiwa mchanga na ung'oe maua yanapochomoza, nao utachipua pembeni na kuendelea kukupa majani. Uchumaji huanza wiki ya nne hadi ya sita. Acha miche michache iliyo bora izae mbegu, na uchume maganda yakigeuka manjano, kabla hayajapasuka na kumwaga kila kitu.

Uchungu nao unasingiziwa kuwa ni sumu. Ni ladha ya mmea wenyewe. Kuchemsha na kumwaga maji huupunguza, ila vitamini C nyingi huondoka na maji hayo. Napendelea njia ya maziwa: unaupika, unatia maziwa, unaulaza hadi kesho na kuupasha. Karanga za kusaga pia huutuliza vizuri.

Halafu kuna hili la kuongeza damu. Mgagani una madini ya chuma, na desturi ya kumpa mama aliyejifungua ni ya siku nyingi. Lakini chuma cha majani mwili hukinyonya kidogo kuliko cha nyama. Limau likikamuliwa wakati wa kula husaidia. Mjamzito aliyepewa vidonge kliniki aendelee kuvimeza, na mgagani uwe kwenye sahani yake.