Sinema ya Rwanda si Hotel Rwanda

Ukimtajia mtu sinema ya Rwanda, jibu huwa lile lile: "Ah, Hotel Rwanda!" Filamu hiyo ya 2004, inayomwonyesha meneja wa hoteli akiwaokoa watu katika mauaji ya kimbari ya 1994, iliongozwa na Terry George, mtu wa Ireland Kaskazini, na sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini. Inaihusu Rwanda, lakini si kazi ya Wanyarwanda.

Wenyewe wanazo zao. Tamasha la filamu lililoanzishwa na Eric Kabera, mtengeneza filamu wa Rwanda, mwaka 2005 lilipeleka filamu hadi vijijini: skrini inajazwa upepo, inasimamishwa uwanjani, giza likiingia watu wa mlimani wanawasikia wahusika wakisema Kinyarwanda. Kwangu hilo lina uzito kuliko zulia jekundu lolote.

Wengine hudhani huko hakuna la kusimulia zaidi ya 1994. Lakini mwaka 2019 Joel Karekezi, mwongozaji wa Rwanda, alitwaa tuzo kuu ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika huko Ouagadougou, Burkina Faso, kwa filamu inayowafuata askari wawili wa Rwanda waliopotea msituni Kongo wakati wa vita vya 1998. Humo hamna hoteli wala mwokozi. Kuna njaa, kiu, maradhi, na wanaume wawili waliobeba kumbukumbu za vita walivyopigana.