Sakafu ya mbao yenye mparuzo: yanayosemwa Tabora na ukweli wake

Misitu ya miombo ya Tabora imetoa mninga wa vitanda, milango na makabati kwa miaka mingi, lakini mbao hizo kuwa chini ya miguu bado ni jambo geni kwa wengi wetu. Mwenye nyumba aliyechoshwa na ubaridi wa marumaru akianza kuulizia sakafu ya mbao, siku hizi huonyeshwa picha za mbao zenye mparuzo. Uso wake haukulainishwa kabisa. Ama umekwanguliwa kwa mkono ukabaki na mabonde madogo, ama umesuguliwa kwa brashi ya waya mpaka mistari ya mti ikajitokeza. Ni sakafu nzuri na mimi naipenda, ndiyo maana inaniuma kuona watu wakiichagua kwa sababu zisizo za kweli, kisha msimu mmoja wa mvua ukipita wanailaumu mbao.

"Mbao yenye mparuzo haikwaruziki." Inakwaruzika kama nyingine. Mparuzo hauongezi ugumu, unaficha tu. Kwenye uso laini unaong'aa, alama ya mguu wa kiti huonekana tangu mlangoni. Kwenye uso ambao tayari una mabonde, jicho linaipita.

Ugumu uko kwenye mti wenyewe. Kipimo kinachotumika sana kwa mbao za sakafu ni cha Janka: nguvu inayohitajika kukizamisha kigololi cha chuma chenye kipenyo cha milimita 11.28 hadi nusu yake ndani ya mbao. Mwaloni mweupe, unaotandikwa sana majumbani Ulaya na Marekani, hufikia karibu pauni 1,360. Mvule ni kama 1,260, na mtiki kama 1,070. Wapo wanaoapa kwamba mtiki ndio mgumu kuliko yote, lakini sifa yake kubwa ni kuvumilia maji na wadudu. Ukiwa na watoto na viti vya chuma, bandika vitambaa vizito chini ya miguu ya viti hivyo, hata kama mbao zako ni za mti gani.

"Fundi yeyote mwenye brashi ya waya atatoa ile mistari ya kwenye picha." Brashi huondoa sehemu laini ya mbao na kuiacha ngumu imesimama. Kwa hiyo inahitaji mti ambao pete zake za ukuaji zinatofautiana sana kwa ugumu, kama mwaloni. Mtiki nao hukubali. Mninga una pete, ila tofauti hiyo si kubwa, tena nyuzi zake hupishana. Usitegemee mistari mirefu iliyonyooka. Mninga unafaa zaidi kukwanguliwa kwa mkono, kwa chuma kikali na kwa kina kidogo, maana nyuzi zinazopishana hunyofoka fundi akitumia nguvu.

Mwombe seremala akutengenezee kwanza kipande cha futi mbili, kikiwa kimemalizwa kabisa kwa mafuta au vanishi utakayotumia. Kiweke sebuleni kwako karibu na dirisha, ukitazame asubuhi na jioni. Mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha mparuzo ulivyo. Na wakati wa kukwangua na kupiga msasa, fundi avae barakoa na afanyie kazi nje, kwa kuwa vumbi la mninga huwasha pua na kifua.

"Mninga hauchezi, ukitoka kwenye mashine uwekwe tu." Dhana hii ndiyo iliyoharibu sakafu nyingi, na inakaribia ukweli kiasi cha kumdanganya hata fundi mzuri. Ni kweli mninga ukikauka husinyaa kidogo kuliko miti mingi, na ndiyo sababu maseremala wanaupenda. Lakini kusinyaa kidogo si kutosinyaa. Mbao mbichi ikipigwa misumari leo, itamalizia kukauka ikiwa sakafuni, na kila kiungo kitafunguka.

Mbao huvuta na kuachia unyevu kufuata hewa iliyoizunguka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 35, mbao hutulia ikiwa na maji ya karibu asilimia 7 ya uzito wake mkavu. Hewa ikifika asilimia 70, mbao hupanda hadi karibu 13. Huku kwetu mvua huanza Novemba na kuisha Aprili, kisha kiangazi hukausha kila kitu mpaka Oktoba. Kila mwaka sakafu yako itatanuka na kusinyaa, upende usipende. Kazi ya fundi ni kuipa nafasi. Aache pengo la milimita 10 hadi 15 kuzunguka kuta zote, lifunikwe na ubao wa ukutani. Mbao zikae ndani ya nyumba husika kwa wiki kadhaa kabla ya kuwekwa, zikiwa zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Na mtafute mwenye kifaa cha kupima unyevu wa mbao. Kuigonga kwa kidole na kusema "imekauka hii" hakutoshi.

Zege nalo lina maji. Siku 28 zinazotajwa na mafundi ni za zege kupata nguvu, si za kukauka. Kawaida ya kazi hii ni kungoja takribani mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Ukitaka kujua hali yake, tandaza kipande cha nailoni juu ya zege, kibandike kwa gundi ya utepe pande zote nne, kisha kifunue kesho yake. Ukikuta matone chini yake, au zege limebadilika rangi, ngoja. Kama nyumba bado iko kwenye msingi, hakikisha nailoni nzito imetandikwa kabla zege halijamwagwa, kwa sababu baadaye hakuna namna rahisi ya kuiweka.

"Sakafu isiyomwagiwa maji ni chafu." Tumelelewa hivyo: ndoo, sabuni, deki. Kwenye sementi na marumaru sina neno. Kwenye mbao, maji yanayosimama huingia kwenye viungo, kingo zikavimba kuliko katikati, na ubao mzima ukajikunja mfano wa ngalawa. Mbao yenye mparuzo iko hatarini zaidi, maana mabonde yake hushika maji ambayo uso laini ungeyaachia. Fagia kwa ufagio laini, kisha pitisha tambara lililokamuliwa mpaka halidondoshi hata tone. Mweleze hivyo kila anayekusaidia kazi za nyumbani, tena kwa upole, kwa sababu anayemwaga maji anadhani anakufanyia wema.

Hapo wengine hukimbilia kusema mparuzo unabeba vumbi, na kwa Tabora ya kiangazi hilo ni tatizo kubwa. Wana haki kwa mparuzo wa kina. Ule wa juujuu hausumbui. Adui hasa ni chembe za mchanga zinazokuja na viatu, maana mchanga ni mgumu kuliko vanishi na kila hatua huusaga juu yake. Zulia dogo mlangoni, na desturi yetu ya kuvua viatu, vinaokoa sakafu kuliko dawa yoyote ya kung'arisha.

"Mninga hauliwi na mchwa." Kiini chake chenye rangi ya kahawia huvumilia vizuri. Sehemu nyeupe ya nje haivumilii, na wafanyabiashara huziuza mbao zikiwa na zote mbili. Kataa ubao wenye weupe mwingi. Zipo pia mbao zinazotobolewa kwa makusudi ili zionekane za kale. Tundu likitoa unga mpya, ubao huo unabunguliwa sasa hivi, usiuingize ndani.

Angalia pia usiuziwe picha. Madukani zipo sakafu za unga wa mbao ulioshindiliwa, juu yake picha ya mti iliyogandamizwa mpaka ikawa na mparuzo. Tazama ncha ya ubao: mistari ya juu lazima iendelee hadi kwenye ncha. Ubao halisi wa milimita 18 au 20 unaweza kupigwa msasa upya baada ya miaka, ila mparuzo utafutika na itabidi ukwanguliwe tena. Ile ya picha haipigwi msasa hata mara moja.

Mwisho, wapo wanaosema mbao ikishapasuliwa haiulizwi karatasi. Inaulizwa. Uliza kama imegongwa alama ya nyundo ya maofisa misitu, dai kibali cha kusafirishia na risiti kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Mkurungu, mti wa ukoo mmoja na mninga, uliingia mwaka 2019 kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama pori walio hatarini, na mwaka 2022 ndugu zake wa Afrika, mninga ukiwemo, wakaongezwa. Hilo halikukatazi kuutandika nyumbani kwako, linadhibiti biashara ya kuvuka mipaka ya nchi. Ila mche wa mninga msituni hufa juu na kuchipua upya chini kila kiangazi, mwaka baada ya mwaka, kabla haujaanza kusimama kama mti. Mbao iliyokatwa bila kibali imekatwa bila yeyote kuhesabu iliyobaki.