Kinasi na papa potwe: kuwaona wakubwa wa bahari ya Mafia bila kuwafukuza

Mzamiaji akimkimbilia chewa wa mita moja na zaidi, ataambulia kuuona mkia ukitokomea. Akitulia kando ya jabali, mwili umelala sambamba na sakafu na pumzi inatoka polepole, chewa yuleyule mara nyingi hugeuka na kuja kumtazama. Naandika haya kwa waliokwisha kupata cheti cha kwanza cha kuzamia na wanakwenda Mafia kuwaona wanyama wakubwa: chewa, kasa, pungu na nyenga kwenye Mlango wa Kinasi, na papa potwe upande wa Kilindoni. Utulivu ninaouzungumzia una hesabu zake, na hesabu hizo zinaanzia kwenye mtungi.

Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo) una hewa lita 2,400. Baa 50 za mwisho, yaani lita 600, usizihesabu kuwa zako. Ni akiba ya kupandia, na ya mwenzako akiishiwa. Zinabaki lita 1,800. Mtu aliyetulia hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji, ambako mgandamizo ni baa 1, lakini mgandamizo huongezeka baa moja kwa kila mita 10 za kina. Kwenye mita 20 mgandamizo ni baa 3, na matumizi ni lita 60 kwa dakika. Hizo ni dakika 30. Mtu huyohuyo akianza kumfukuza kasa huku mkondo ukimpinga, matumizi hupanda mara mbili kirahisi na zinabaki dakika 15. Ubaya hauishii kwenye hewa. Pumzi fupi za harakaharaka haziondoi kaboni dayoksaidi vizuri. Inajilimbikiza mwilini, kichwa kinauma, mtu anahisi rigaleta, kifaa cha mdomoni cha kupumulia, haimpi hewa ya kutosha, na hofu inaingia. Hapo acha kupiga mapezi, jishike kwenye jiwe tupu lisilo na tumbawe hai, na utoe pumzi ndefu mara tatu nne kabla ya kufikiria jambo lingine lolote.

Kinasi ndio mlango mkuu kati ya Ghuba ya Chole na bahari kuu, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Ghuba hupumulia hapo: maji yanaingia yakijaa na kutoka yakipwa, na yanabeba chakula kila yanapopita. Ndiyo sababu samaki wakubwa wanapapenda, na ndiyo sababu hapaingiliwi kwa kubahatisha. Yakijaa, yanaingia maji safi ya bahari kuu. Yakipwa, hutoka maji ya ghuba yenye tope la mikoko na mabaki ya majani ya baharini; huoni mbali, na mkondo unakusukumia nje badala ya ndani. Kwa hiyo Kinasi huzamiwa maji yakijaa, na wakati mzuri kuliko yote ni ile saa ya mwisho kabla hayajasimama.

Siku ya kwenda nayo huchaguliwa kwa mwezi. Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na kwa kawaida ukali wake hufika kilele siku moja au mbili baadaye. Wakati huo tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 3 hadi 4. Maji mafu huangukia karibu na tarehe 7 au 8 na tarehe 22 au 23 za mwezi mwandamo, na tofauti ni kama mita moja tu. Maji ya mita 4 yakipita kwenye mlango uleule kwa muda uleule wa saa sita na dakika chache lazima yaende kasi zaidi, na kasi hiyo hakuna miguu ya binadamu inayoishinda. Bahati nzuri, saa nazo zinatusaidia. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa 10 alasiri na kupwa kwenye saa 4 asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na kilele cha kujaa huangukia karibu na saa 4 asubuhi. Kila siku kilele hicho huchelewa kwa takribani dakika 50. Basi ukipanga safari ya siku mbili tatu zenye maji mafu, ukateremka kwenye saa 3 asubuhi, unapata maji safi, mkondo wa wastani na jua linalopanda. Angalia jedwali la maji la siku husika, kisha muulize nahodha. Jedwali na nahodha wakipingana, mimi humsikiliza nahodha, kwa sababu upepo wa kusi unaweza kuusogeza wakati wa maji kusimama na jedwali halijui habari za upepo.

Kuta za mwamba zilizo nje ya mlango ni za msimu. Kusi ikivuma, mawimbi huzifanya zisifikike. Kuanzia Oktoba hadi Februari ndipo hufunguka. Ndani ya ghuba panazamiwa mwaka mzima.

Kabla ya kuteremka, pima risasi zako, yaani vipande vizito vya kukusaidia kuzama. Hili hupuuzwa kuliko yote, na matumbawe ndiyo yanayolipa. Ukiwa umevaa kila kitu, simama wima majini, toa hewa yote kwenye jaketi la kuelea, shika pumzi ya kawaida: maji yakufikie usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame taratibu. Ikiwa mtungi bado umejaa, ongeza kilo 2, kwa kuwa hewa ya lita 2,400 ina uzito wa karibu kilo 3 na uzito huo unapungua kila unapopumua. Usipoufidia, mwisho wa mbizi utashindwa kutulia kwenye mita 5. Kosa la kinyume ndilo ninaloliona zaidi: kilo nyingi kupita kiasi. Aliyezidisha risasi anajaza hewa jaketini ili asizame, kifua kinainuka, miguu inashuka, na mapezi yanafagia mchanga na kuvunja matawi. Tumbawe la bonge linaongezeka kama sentimita moja kwa mwaka, na pwani yetu bado ina majeraha ya joto la mwaka 1998 lililoua matumbawe mengi. Pigo moja la pezi linavunja ukuaji wa miaka mingi.

Risasi zikikaa sawa, jaketi unaligusa mara chache sana. Mapafu ndiyo yanayokupandisha na kukushusha. Pumzi iliyozidi kidogo ya kawaida, tuseme lita moja, inakuinua kwa nguvu ya kilo moja, ila matokeo yake hayaji papo hapo. Vuta pumzi mita mbili kabla ya kulifikia bonge la tumbawe, nawe utapita juu yake bila kupiga pezi. Pumzi usiibane kamwe. Hewa iliyo mapafuni kwenye mita 10 inakuwa mara mbili ya ujazo wake ikifika juu ya maji, na pafu lililofungwa haliwezi kustahimili hilo.

Kinasi kwenyewe, teremkeni pamoja na bila kukawia. Anayechelewa juu kwa dakika mbili akihangaika na masikio atatua mbali na wenzake. Sawazisha masikio tangu mita ya kwanza, usisubiri yaume. Mkondo ni dhaifu karibu na sakafu kuliko katikati ya maji, kwa hiyo shuka hadi kama mita moja juu ya sakafu na utafute jabali la kujikinga upande ambao mkondo haulipigi. Hapo ndipo pa kukaa. Chewa hupenda kukaa hivyohivyo, akiuelekezea mkondo kichwa. Ukitaka kumsogelea, nenda kwa ubavu na kwa mshazari, mikono ukiikunja kifuani, na usimkazie uso. Toa povu kidogokidogo. Mlio wa povu kubwa huwashtua samaki wengi. Akianza kupanua mapezi ya ubavuni au kugeuza mkia kuelekea kwako, umefika mwisho wa ruhusa. Simama, subiri. Dakika tano za kusubiri mahali pamoja hukuonyesha mengi kuliko dakika ishirini za kuogelea: kolekole wakipita kwa kundi, pungu wakielea dhidi ya mkondo, mkunga akitoa kichwa.

Kasa ana hitaji lake la pekee: lazima apande kuvuta hewa. Usielee juu yake wala usimzibe njia. Ng'amba anayetafuna sifongo kwenye mwamba anaweza kuvumilia watu kwa muda mrefu, lakini akiacha kula na kuinua kichwa, rudi nyuma.

Kwa upande wa hatari, papa si wa kukuogopesha hapa. Nyenga hujifukia mchangani akabaki macho tu, na mwiba wake huumiza anayetua kwa magoti bila kutazama. Akikuchoma, toka majini na uloweke jeraha kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Joto hupunguza maumivu, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yameisha, maana kipande cha mwiba huweza kubaki ndani. Wa pili ni kikande mkubwa anayelinda kiota. Eneo analolilinda huanzia kwenye kiota na kupanuka kadiri linavyokwenda juu, kwa hiyo anayekimbia kwa kupanda anabaki ndani ya eneo lake na kuendelea kung'atwa. Ondoka kwa ubavu, karibu na sakafu, ukimwelekezea mapezi.

Geji ya hewa ikifika baa 70 mwambie kiongozi, na ikifika 50 uwe umekwisha kuanza kupanda. Mwendo wa kupanda usizidi mita 9 kwa dakika; kisha tulia kwenye mita 5 kwa dakika 3. Kwenye mlango wenye mkondo utakuwa unasafiri muda wote huo, na mashua isipokuona itakupoteza. Kila mzamiaji, si kiongozi peke yake, awe na boya la ishara lenye urefu wa mita moja na nusu au zaidi, na filimbi. Lirushe kutoka mita 5: tazama juu, pulizia pumzi moja au mbili, hewa itatanuka mara moja na nusu likifika juu. Kamba ishike mkononi, usiifunge kwenye jaketi. Kamba ikikwama ilhali umefungwa nayo, boya litakuvuta hadi juu kwa kasi ambayo mwili hauwezi kuistahimili.

Papa potwe ni habari nyingine kabisa, na kwake mtungi unabaki ufukweni. Msimu wake mkuu ni Oktoba hadi Machi, upande wa magharibi wa kisiwa karibu na Kilindoni, anakokuja kula uduvi juu juu ya maji. Vifaa vya kufuatilia kwa sauti vimeonyesha kuwa wengi wao hawahami miezi mingine. Wanasogea tu mbali kidogo na ufuko na kukaa chini zaidi. Wengi ni madume ambao hawajapevuka, wa mita 4 hadi 9. Mtungi na jaketi vingekupunguzia mwendo na kumpigia kelele za povu mnyama ambaye yuko mita moja kutoka juu; miwani, mrija na mapezi vinatosha.

Nahodha mwema humpita potwe kwa mbali, husimama mbele yake kwa ubavu, na huondoa gia kabla mtu yeyote hajaingia. Teleza majini taratibu bila kuruka. Kaa ubavuni mwake, mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani, usawa wa pezi la ubavuni au nyuma yake kidogo, ambapo jicho lake linakuona bila kushtuka. Kumbuka kuwa majini kitu huonekana karibu kwa robo: umbali unaouona kama mita 3 kwa kweli ni mita 4. Mbele ya kichwa pasipitwe, mgongo usiguswe, taa ya kamera isiwashwe, na mashua moja tu iwe na potwe mmoja, watu wasiozidi kumi. Akikugeukia, usirudi nyuma kwa vurugu. Lala juu ya maji bila kutikisika, atakukwepa mwenyewe. Akisimama wima akivuta uduvi mdomoni, mwongezee nafasi, kwa sababu hapo hageuki na watu huanza kumzunguka bila kujua. Akizama, mwache. Tangu mwaka 2016 amewekwa katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka duniani, na sehemu kubwa anakolia iko nje ya mipaka ya hifadhi, kwa hiyo kinachomlinda pale ni mwenendo wa mashua na waogeleaji. Ukiwa na kamera, picha yenye manufaa ni ya ubavu wa kushoto, nyuma tu ya matamvua: mpangilio wa madoa hapo ni tofauti kwa kila potwe, na watafiti huutumia kumtambua mmoja mmoja.

Pangilia siku zako ili potwe awe wa mwisho, baada ya mbizi za mtungi, kwani kuogelea juu juu hakukuongezei naitrojeni, gesi ya hewani inayojilimbikiza mwilini ukipumua kwenye kina na kuleta ugonjwa mgandamizo ukipungua ghafla. Baada ya mbizi moja subiri walau saa 12 kabla ya kupanda ndege. Baada ya mbizi nyingi au za siku mfululizo, saa 18. Watu wengi hudhani ndege ndogo za kwenda Dar es Salaam haziwahusu kwa kuwa hazipandi juu sana. Zinawahusu: ndani yake mgandamizo haurekebishwi, hivyo mwili unaupata urefu wote ambao ndege imepanda. Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida katika saa 24 za kwanza visisingiziwe jua. Mgonjwa apewe oksijeni ya asilimia 100, alazwe chali, anyweshwe maji akiwa na fahamu timamu, na asirudishwe majini kwa kujaribu kumtibu. Kama mashua ina mtungi wa oksijeni au haina, uliza ukiwa bado ufukweni katika kijiji cha Utende, na uombe kuuona.