Viinitete vilivyogandishwa haviharibiki kwa kukaa

Matibabu ya kupandikiza mimba yakishindikana, wenzi wengi huharakishwa na hofu moja: eti viinitete (mayai yaliyorutubishwa maabara na kuanza kukua) vilivyobaki vinazidi kuharibika kila mwaka, kwa hiyo lazima waamue sasa. Si kweli. Huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri, na katika baridi hiyo shughuli za seli husimama. Hatari iko wakati wa kugandisha na kuyeyusha. Mwaka 2022 nchini Marekani walizaliwa pacha kutokana na viinitete vilivyogandishwa mwaka 1992. Umri unaohesabika kwa kiinitete ni ule wa mwenye mayai siku yalipotolewa. (Mwili utakaobeba mimba, huo unazeeka kama kawaida.)

Kinachobana ni ada ya uhifadhi, sheria na ridhaa. Uingereza, tangu Julai 2022, inaruhusu hadi miaka 55, mradi ridhaa ihuishwe kila miaka 10. Na ridhaa ni ya wawili: mwaka 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikubali kwamba mwanamume aweza kuondoa yake, hata kama mwenzake hana njia nyingine ya kupata mtoto wa damu yake.

Basi someni upya fomu mlizosaini, hasa kipengele cha kifo na kutengana. Kujaribu tena, kutoa kwa utafiti, kuwapa wengine, kuviyeyusha bila kuvitumia: si kila kliniki ina njia zote, ulizeni. Na kama bado mnaomboleza, kulipia mwaka mmoja zaidi nako ni uamuzi halali.