Kwa nini yoki za propela lazima zikae mstari mmoja, wakati meno yake yanaingia popote?

Je, wajua kwamba propela shafti (ile nondo inayozunguka kupeleka nguvu kwenye ekseli) yenye krosi mpya (kiungo cha msalaba), bolti zimekazwa na grisi imejaa bado inaweza kuunguruma mpaka kioo cha kati kikatetemeka, na kosa likawa ni meno machache tu ya splaini, ile mifereji ya meno inayoingiza kipande kimoja cha shafti kwenye kingine? Nazungumzia pale shafti inapogawanyika vipande viwili vinavyoingiana. Fowili (gari za 4x4) nyingi za zamani ziko hivyo, kwa sababu ekseli inapanda na kushuka na springi, umbali kati ya transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) na difu (boksi la gia kwenye ekseli) unabadilika muda wote, kwa hiyo shafti lazima irefuke na ifupike. Na kwa vile transfa na difu haziko kwenye mstari mmoja, kila mwisho una krosi ya kupindisha mwendo, inayoshikwa na yoki, yaani uma wa chuma. Mambo ya msingi ni hayo tu.

Sasa ukivitenganisha vile vipande, mara nyingi hakuna cha kukuzuia kuvirudisha vibaya. Baadhi ya viwanda vinachonga mishale miwili itazamane, vingine vinaacha jino moja pana, lakini ukikuta shafti ya miaka mingi mishale imeshaliwa na kutu na tope, meno yanaingia popote utakapoyaelekeza. Kama splaini ina meno 16, kila jino ukikosea ni nyuzi 22.5.

Muulize mtu kwa nini ile alama ipo, wengi watakujibu balansi. Jibu si la uongo, ni nusu tu. Ni kweli shafti imebalansiwa ikiwa nzima na ukigeuza kipande kimoja unaivuruga, ila balansi mbovu inatikisa mara moja kwa kila mzunguko na inazidi kadiri spidi inavyopanda, wakati hili tunalozungumzia linatikisa mara mbili kwa kila mzunguko, na unaweza kubalansi hiyo shafti upya asubuhi hadi jioni lisiondoke. Ni ugonjwa mwingine kabisa.

Kuna kundi la pili, hawa wanajiamini zaidi, wanasema yoki za shafti zinatakiwa zipishane, moja ikisimama nyingine ilale, eti mzigo ugawanyike. Ukiliangalia kwa macho linaleta maana, lakini kwa shafti ya kawaida ndiyo kosa kubwa kuliko yote. Kundi la tatu wanahangaika kupanga flenji (sahani inayofungiwa propela kwa bolti) ya transfa iwe sawa na flenji ya difu kabla ya kufunga, wanazungusha tairi weee, kazi bure. Flenji hizo mbili zikae zinavyotaka. Kinachohesabika ni yoki mbili zilizo juu ya shafti yenyewe, zitazamane mstari mmoja: ukilaza shafti sakafuni, matundu ya krosi ya mwisho huu yakiwa yamelala, ya mwisho ule nayo yalale.

Kwa nini? Kwa sababu krosi moja ikiwa kwenye pembe haitoi mwendo kama ilivyoupokea. Unaiingizia mzunguko laini, yenyewe inatoa mzunguko unaokimbia na kusita, kukimbia na kusita, mara mbili kila duru. Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza wa karne ya 17, alikiona hiki kituko muda mrefu kabla ya gari lolote, na badala ya kulalamika akakitafutia kazi kwenye saa ya kivuli, ile ya jua. Na kweli saa ya kivuli ndiyo njia rahisi ya kulielewa jambo hili. Jua linazunguka kwa mwendo uleule siku nzima, haliharakishi wala halichoki. Lakini kwenye saa ya kivuli iliyolazwa chini, mistari ya saa haijaachana sawasawa, karibu na adhuhuri imebanana, asubuhi na jioni imetanuka. Kivuli kinatambaa pole mchana na kinakimbia pembeni, na sababu ni moja tu: ubao umelala kwa pembe ambayo si ya njia ya jua. Mwendo sawa ukiutupa juu ya ubao ulioinama unatoka umepindika. Krosi inafanya vilevile, upande wa transfa ndio jua, shafti ndiyo kivuli, na pembe ya krosi ndiyo mwinamo wa ubao.

Sasa fikiria ukichukua kile kivuli kinachosita na kukimbia ukakitupa tena kwenye ubao wa pili. Ubao wa pili ukiinama kiasi kilekile, na ukakaa ili pale wa kwanza ulipobana wenyewe utanue, makosa yanafutana na unarudi kwenye mwendo wa jua. Ndiyo kazi ya krosi ya pili. Lakini ukiugeuza robo duru, unabana palepale palipokwisha kubanwa, na kosa linaongezeka badala ya kufutika. Yoki zikiwa mstari mmoja zinafutana, zikipishana zinajumlishana.

Kwa namba, transfa ikitoa mizunguko 2000 kwa dakika na kila krosi iko kwenye nyuzi 10, shafti yenyewe inacheza kati ya kama 1970 na 2031. Yoki zikiwa sawa difu inapokea 2000 safi. Zikipishana robo duru inapokea kati ya 1940 na 2062 hivi. Nyuzi zikiwa 20, kama gari lililoinuliwa kwenye springi, inakuwa kati ya 1766 na 2265, na hapo krosi, beringi na meno ya difu ndivyo vinavyolipa. Kwenye nyuzi mbili tatu huenda usisikie kitu, na nadhani ndiyo maana ule uongo wa kupishanisha yoki haufi, mtu anakosea, gari linatembea, basi anakuwa shahidi.

Angalia lakini, shafti yenyewe hapo katikati bado inasita na kukimbia hata ukiifunga sahihi, kinachotulia ni difu tu. Na kufutana huko kunataka pembe mbili zilingane. Ukiinua gari na pembe ya difu ikabadilika, yoki kuwa mstari mmoja peke yake hakutoshi.

Halafu kuna kituko juu ya kituko. Baadhi ya fowili za zamani shafti ya mbele imetoka kiwandani yoki hazijapangwa mstari mmoja, makusudi. Difu ya mbele inakaa upande, imeinamishwa pia kwa ajili ya usukani, kwa hiyo pembe za krosi mbili hazilingani wala haziko kwenye mlalo mmoja, na mhandisi amezungusha yoki kiasi fulani ili kufidia. Kwa hiyo usikimbilie "kurekebisha" shafti ya mbele kabla hujaangalia kitabu cha gari hilo. Piga alama ya rangi kwenye vipande vyote viwili kabla ya kuvuta chochote, na nyingine kwenye flenji, hiyo ya flenji ni kwa ajili ya balansi tu.

Kabla hata ya kugusa spana, weka vizuizi kwenye tairi, na nasema kwa herufi kubwa, HANDBREKI INAWEZA KUWA HAIPO. Land Rover za zamani, Series na Defender, handbreki yake iko nyuma ya transfa na inashika propela, sio tairi. Ukifungua propela ya nyuma umeondoa breki, na gari litaondoka na wewe uko chini yake. Hata propela ikiwepo, ukipiga jeki tairi moja ya nyuma, difu inaruhusu ile nyingine izunguke.

Wakati wa kurudisha, safisha nyuso za flenji mpaka chuma kionekane, chembe ya tope hapo inaipindisha shafti. Nati za kujikaza weka mpya. Kwenye splaini usijaze grisi kwa nguvu, ikijaa shafti inashindwa kufupika na inasukuma beringi za transfa na difu.

Ukitaka kujua kama shida ni ya mbele, na gari lina habu za kufungua kwa mkono (zinazotenga tairi za mbele na ekseli), tembea kwanza zikiwa zimefunguliwa na gari liko kwenye magurudumu mawili, shafti ya mbele haizunguki. Kisha funga habu peke yake, bila kuweka 4x4, mtetemo ukianza hapo umeshajua ni propela ipi ya kushusha.